Veranda ya Kusini mwa Marekani kwa bajeti ya Buswelu, naanzia wapi?

MamaTunu_Buswelu

Wakuu mwangaluka, najua hiyo ni salamu ya asubuhi na sasa ni usiku ila huku kwetu salamu ni salamu. Mwenzenu nimehamia kwangu hatimaye, nyumba haijaisha lakini nimechoka kupanga. Vyumba viwili na sebule, nje imepigwa plasta haijapakwa kitu, mbele kuna kibaraza cha kama mita tano kwa mbili kimemwagwa zege tu, na uwanjani kuna jiwe kubwaaa, haya mawe yetu ya Mwanza, fundi akaniambia kulipasua ni laki nane nikamwambia basi liache likae, na lenyewe lina haki limetangulia kufika.

Tatizo langu ni simu. Kila usiku nikishamlaza mtoto naangalia picha za nyumba za kale za kusini mwa Marekani, zile nyeupe zenye nguzo, veranda ndefu, viti vya kubembea, na miti mikubwa ina vitu kama ndevu za kijivu zinaning'inia. Watu wanalipa kiingilio kabisa kwenda kutembea humo ndani na bustanini. Na mimi nataka baraza langu lipate hata harufu ya hivyo vitu. Nina laki na nusu, mshahara ukitoka labda laki mbili, na siyo zaidi maana ada ipo mlangoni.

Sasa naomba msaada, pale barazani nianze na nini, halafu hivi huku kanda ya ziwa kuna nyumba za kale ambazo mtu anaweza kwenda Jumamosi akajionea watu wa zamani walijengaje na walipanda nini? Mume wangu anasema nimechanganyikiwa. Msiniletee habari za jipsamu tafadhali, nimeshawakimbia wale.

kijiwe_nyakato

Laki na nusu weka bati la jikoni kwanza mama Tunu, kubembea utabembea baadaye 😂

ngosha_wa_brashi

Achana na huyo wa juu. Mimi napaka nyumba mwaka wa kumi na moja huu, na nakwambia umebahatika plasta yako haijaguswa. Usinunue rangi ya ndoo. Nunua chokaa, ile ya mfuko wa kilo 25, imeshazimwa tayari kwa hiyo haichemki, na uchukue nili ya kufulia pakiti mbili tatu na chumvi ya mawe. Unaloweka chokaa kwenye pipa usiku mmoja, asubuhi unachuja kwa pazia kuukuu la neti, hapo ndo watu wengi wanaharibu, wanaruka kuchuja halafu ukuta unakuwa na vijiwe kama uji uliopikwa na mtoto. Uzito uwe kama maziwa mabichi, SIYO mtindi. Nili unaifunga kwenye kitambaa unaikamulia humo kidogokidogo huku unakoroga, utaona mistari ya bluu inazunguka inapotea, ukiona weupe umeanza kung'aa acha. Chumvi kazi yake ni kushika unyevu ili chokaa isikauke haraka, maana chokaa haikauki tu kama rangi, inashika kwa kuvuta hewa na kurudi kuwa kama jiwe, ikikaushwa na jua la saa saba inabaki unga, unaegemea na shati jeusi unaondoka zebra.

Kwa hiyo lowesha ukuta, paka asubuhi au jioni, mkono mwembamba, yaani tabaka jembamba, kesho yake tena, kesho kutwa tena. Mikono mitatu. Siku ya kwanza utalia utasema ngosha kanidanganya maana ikiwa mbichi haionekani kabisa, inakuja nyeupe ikikauka. Vaa glavu na linda macho, hiyo siyo utani, chokaa ikiingia machoni suuza kwa maji mengi na ukimbie hospitali. Sakafu ya hapo nje mwambie fundi akupigie niru nyekundu, ule uji wa saruji wa kulainisha sakafu, kwa eneo hilo dogo hata saruji haiishi mfuko. Nyeupe juu, nyekundu chini, basi, mengine ni mbwembwe.

NB: chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta wala ya maji, ndo maana nimesema umebahatika.

nilikaa_atlanta

Dada Tunu umenigusa kweli. Nilisoma Atlanta miaka miwili, na likizo moja tulichanga mafuta watu wanne tukaenda Charleston na Savannah kuangalia hizohizo nyumba. Nikuambie kitu ambacho picha hazikuambii, kule joto lake limebeba maji, unatoka kuoga unaloa tena, kwa hiyo zile veranda siyo urembo, wamejenga kwa sababu walikuwa hawana feni wala AC. Charleston kuna nyumba zimejengwa ubavu, yaani upana wa chumba kimoja tu ndo unaangalia barabara halafu veranda inakwenda upande mrefu wote kukamata upepo, na mlango unaouona barabarani ukiufungua haukupeleki sebuleni, unakupeleka barazani! Nilicheka sana. Na jiko walilitoa nje ya nyumba kubwa kwa ajili ya moto na joto, nikasema kumbe bibi yangu Sengerema ana nyumba ya kihistoria.

Hizo ndevu za kijivu wala siyo ugonjwa wa mti, ni mmea wa ukoo wa nanasi, unakula hewa na mvua, haunyonyi mti.

Sasa angalia kitu cha kuiba. Dari la veranda kule wengi wanalipaka bluu ya mpauko. Asili yake inasemwa ni Wagullah, wale weusi wa pwani ya Carolina na Georgia ambao mababu zao walitolewa Afrika utumwani, na mpaka leo wana lugha yao. Wazee wao walisema mizimu ikiona bluu inadhani ni maji inashindwa kuvuka. Walichanganya chokaa, maziwa na masalia ya nili ya mmea. Umeona? Jina moja na nili ya kufulia ya ngosha hapo juu. Ongeza tu pakiti kwenye ndoo ya mwisho upake dari, hata kama ni mbao tupu chini ya bati, unapata bluu kwa bei ya sabuni.

Na usisumbuke na nguzo. Nguzo za kudanganyia za bomba la plastiki nimeziona Buzuruga pale, zinapiga kelele kabisa. Na vile vibao vya dirisha vya kubandika pembeni ambavyo havifungi, kule navyo siku hizi wanavibandika na ni ujinga uleule. Vya zamani vilikuwa luva za kweli, unafunga mchana jua lisiingie, upepo unapita. Kama una mbao za paleti tengeneza luva moja tu ya kweli upande wa magharibi wa baraza, saa kumi jioni utanikumbuka.

Msomi_wa_Igoma

Samahani naharibu sherehe. Hizo nyumba mnazosifia zilijengwa na nani? Watumwa. Sisi wa kwanza kuziweka kwenye kuta zetu tena?

nilikaa_atlanta

Hujaharibu, kaka, na mimi nilikuwa nafika hapo. Hiyo nili ya mmea karne ya 18 ilikuwa zao kubwa la Carolina na waliolima walikuwa watumwa. Tulienda Middleton Place, bustani yake ilianzwa 1741, matuta ya majani yanashuka mpaka kwenye mabwawa mawili yana umbo la mabawa ya kipepeo, nzuri mpaka unanyamaza, halafu unakumbuka kila koleo la udongo ule limebebwa na mtu asiyelipwa. Kuna nyumba ndogo pembeni wameandika majina ya watu waliomilikiwa na ile familia, ukuta mzima, mwingine jina moja tu na bei. Nilikaa pale kuliko kwenye maua. Na Louisiana kuna Whitney, ilifunguliwa 2014, ziara yake nzima inahusu watumwa, siyo vijiko vya fedha vya bwana mkubwa. Mtu akienda kule achague nyumba inayosema.

Nyingine niliyoipenda ni Drayton Hall, ya karne ya 18, wameiacha tupu, haina samani wala umeme ndani, rangi imebanduka waziwazi, na kwenye ukuta mmoja kuna alama za urefu wa watoto wa ile familia, vizazi na vizazi. Kiingilio kinauma lakini, kwetu ni mchele wa mwezi.

Na sokoni Charleston kina mama wa Kigullah wanauza vikapu vya majani vya kuzungusha, anaanza na kafundo katikati anazungusha anashona anazungusha. Nikabeba kimoja nikauliza bei, zaidi ya dola mia. Nikakirudisha taratiiibu. Yule mama akaniuliza natoka wapi nikamwambia Tanzania, akaniambia basi kwenu mnajua kushona hivi. Tunajua, na tunavipumzishia vitunguu.

BintiNansio

Kuhusu kutembea, dada Tunu umekaa juu ya mali. Msomi ametaja utumwa, basi anza Kageye, kule Magu ukingoni mwa ziwa. Ndiko Stanley, yule mzungu mvumbuzi, alikofikia ziwa Februari 1875, na kilikuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa. Hakuna nyumba nyeupe ya kupigia picha, kuna miti, makaburi na ziwa, na ukipata mzee wa pale anayejua kusimulia shika kiti.

Halafu Bujora, Kisesa, hapo hata hulali njaa, daladala inakushusha barabarani unapanda bodaboda. Alianzisha padri Mkanada, David Clement, na majengo yake ndiyo somo. Kuna banda la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na nyumba ya msonge unaingia umeinama, ndani kuna ubaridi ambao nyumba yetu ya bati haijawahi kuuona. Angalia kuta walivyozipamba kwa rangi za udongo, nyekundu, nyeupe, nyeusi. Mimi nilitoka pale nikapaka mstari wa udongo mwekundu chini ya ukuta wa nje kama magotini hivi, yale matope ya mvua yanayoruka hayaonekani tena. Ukienda Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, utakuta Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wanashindana kucheza na nyoka, hapo usahau mambo ya mapambo.

Mjini kuna lile jengo la Mjerumani kilimani, Gunzert, jina la mkuu wa wilaya wa kabla Waingereza hawajaichukua Mwanza 1916. Liangalie lilivyokaa, wamelipeleka juu kwenye upepo. Na kwetu Ukerewe ipo ikulu ya mtemi pale Bukindo, ya ghorofa, mtemi wa mwisho alikuwa Lukumbuzya. Ila hilo ni la watu, hodi kwanza, ulizia wenyeji, usiingie na simu imeshanyooka.

Kingine cha barazani kwako, taa. Usiweke balbu nyeupe. Wale wadudu wa ziwani wakitoka kama moshi watakujia wote, asubuhi unafagia kwa koleo. Weka ya njano.

ngosha_wa_brashi

Kweli hiyo ya taa. Na ukuta ukiwa na chokaa mbichi wananasa humo, niliwahi kupaka nyumba Ilemela asubuhi ikawa ina mabaka ya ufuta.

MamaTunu_Buswelu

Nimerudi baada ya wiki tatu, samahanini, mtoto aliumwa na kazi zilibana.

Chokaa nimepaka mwenyewe na mdogo wangu. Imetoka jamani, nyeupe tulivu siyo ile ya kung'aa kama choo cha stendi. Isipokuwa sehemu moja karibu na mlango kama upana wa meza, siku ya nne ikaanza kubanduka magambamagamba kama sato anayeparwa. Kumbe yule fundi wa kwanza alijaribishia rangi ya maji pale akafuta, mimi nikadhani ni unyevu. Ngosha ulisema nikasoma nikapita. Dari la bluu ndo linapendwa na wapita njia, mama mkwe amekuja ameuliza kwani mmepaka maji ya kufulia, nikasema ndiyo mama, ni ya kufulia.

Vikapu vitatu nimevitundika ukutani, ni vya jikoni kwangu mwenyewe, na viti viwili vya mbao vya Mlango Mmoja, kimoja kilikuwa na mguu mbovu nikapunguziwa. Koroboi mbili nimechukua Makoroboi, fundi ananitengenezea kwa kopo la maziwa huku naangalia. Mpaka sasa laki na elfu kumi na nne pamoja na niru.

Na lile jiwe! Nilikaa nalo siku ya mvua nikaona maji yote yanashukia upande mmoja, hapo nimejaza udongo nikapanda fens, ile mimea ya kivulini yenye majani kama manyoya, za kuombaomba kwa jirani, upande wa jua kali nimechomeka mishubiri na matawi ya bogonvilia, unene wa kidole, majani nimeyatoa. Matatu yamechipua, mawili yamekufa nadhani nimeyamwagilia kupita kiasi. Mume jana nimemkuta amekaa juu ya jiwe anakunywa chai, sijasema kitu.

Jumamosi ijayo naenda Bujora na Tunu, kama kuna mwenye nafasi tukutane Kisesa saa tatu. Ngosha, ile sehemu iliyobanduka nifanyeje?

ngosha_wa_brashi

Kwangua yote mpaka uone saruji, piga msasa, osha, lowesha, anza mikono mitatu upya. Ila usiguse mpaka hizi mvua zikatike.

kijiwe_nyakato

Saa tatu Kisesa nipo. Naleta na mke wangu, ameshasoma huu uzi, nimekwisha.