Mjadala: Porsche 911 Carrera T iliyopunguzwa vitu, bei yake ya juu itadumu hapa Lubumbashi?

Mtu wa Bel-Air
Ndugu zangu wapenda magari, hapa mjini kuna Porsche 911 Carrera T ya mwaka 2018 inayotafuta mnunuzi. Imetoka Ubelgiji, volani (usukani) kushoto, gia za mkono. Mwenyewe anaitaka bei ya juu kuliko 911 Carrera ya kawaida ya mwaka huohuo, na hoja yake ni kwamba T haishuki bei, kwa hiyo ukiinunua umeweka akiba. Nalileta hapa kwa sababu kuna kijana ninayemfahamu ambaye amelipokea neno hilo la akiba moja kwa moja, na sasa anazungumza habari ya kuuza parseli yake, yaani kiwanja, ili aongezee pesa.

Kwa wasioijua: Porsche walitangaza Carrera T mwezi wa kumi mwaka 2017. Motere (injini) ni ileile ya Carrera, lita 3.0, turbo mbili, nguvu za farasi 370. Kazi yao kubwa ilikuwa kupunguza. Kioo cha nyuma na vile vya ubavuni nyuma ni vyepesi zaidi, vizuia kelele vimeondolewa kwa wingi, vishikio vya kufungulia milango kwa ndani vimekuwa vitanzi vya kitambaa. Viti vya nyuma na skrini ya redio vilikuwa hiari ya mnunuzi, bila kubadilisha bei. Wakaishusha milimita 10, wakaipa difrensho (kigawa nguvu cha magurudumu ya nyuma) yenye kufuli ya kimekanika na uwiano mfupi zaidi wa gia. Uzito ukafika kilo 1,410, yaani kilo 20 chini ya Carrera yenye vifaa kama vyake. Kilo 20 ni bidoni moja ya maji. Kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa inatumia sekunde 4.5, Carrera ya gia za mkono sekunde 4.6. Na bei? Marekani Carrera ilianzia dola 91,100, T ikaanzia dola 102,100.

Gari lenyewe nalipenda, nisifiche. Ukivuta kile kitanzi mlango unafunguka kwa mlio mkavu, na kabla hujawasha motere umeshajua limetengenezwa kwa ajili ya dereva, abiria ajipange. Zile dola 11,000 pale dukani zilikuwa na maelezo yake: egzosi ya spoti, suspensheni, difrensho. Magurudumu ya nyuma yanayogeuka unaweza kuyaagiza kwenye T, kwenye Carrera hukuuziwa hata ukiwa na pesa mkononi. Ninachobishia ni kile kinachofuata. Bei ya ziada ya gari lililotumika inalipwa na mtu anayelijua gari hilo na kulitamani. Je, mtu huyo wa pili na wa tatu yupo hapa kwenye mkoa wetu wa Haut-Katanga?

Lushois wa Antwerpen
Kaka, salamu kutoka huku Ubelgiji, ninyi mlioko nyumbani Lubumbashi. Mimi nasema atapatikana, na historia iko upande wangu. Mwaka 1987 Porsche walitoa 911 Club Sport: hakuna viti vya nyuma, hakuna klima (kiyoyozi), hakuna redio, imepungua karibu kilo 50. Watu wa wakati ule waliona wanaibiwa, na zikatengenezwa takriban 340 tu. Leo ukitaka moja utalipa mbali sana kuliko Carrera 3.2 ya kawaida. Kisha ikaja 968 Club Sport, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hiyo dukani ilikuwa rahisi kuliko 968 yenye vitu vyote! Sasa hivi yenyewe ndiyo inayodaiwa pesa nyingi zaidi.

Mnunuzi wa gari la spoti anaanza kutafuta starehe, na akishazeeka kidogo anatafuta lile gari ambalo kampuni haitalitengeneza tena. Gia za mkono zinakwisha. Porsche wenyewe wanalijua hilo: T mpya waliyoitangaza mwaka 2024 ina gia sita za mkono peke yake, ile PDK ya kujibadilisha haimo kabisa. Kijana asicheleweshwe.

Wa Katuba
Miye nauliza tu. Klima iko ao haiko? Banasema T haina klima. Mu mwezi wa kumi utafanya nini mule ndani na lile joto?

Mtu wa Bel-Air
Klima iko, ndugu. Wanaosema haimo wanachanganya na Club Sport ya zamani, au na ile Toyota 86 RC ya Japani, nayo gari la spoti lililopunguzwa vitu.

Fundi wa Kamalondo
Mimi ni mtu wa spana, nitasema ya garaji.

Nasikia watu wakisema gari lenye vitu vichache haliharibiki ovyo. Kwa hili si kweli hata kidogo. Angalia orodha ya vilivyoondolewa: kitambaa cha kuzuia kelele, unene wa kioo, kishikio cha mlango. Lini mteja alinijia analia kwamba kizuia kelele kimekufa? Vinavyoleta watu garajini vyote bado vimo: turbo mbili, redieta za mbele zinazokusanya takataka, klachi, suspensheni ya elektroniki. Gharama ya kulitunza ni gharama ya 911 kamili.

Kisha njoo kwenye barabara zetu. Milimita 10 ukiwa Ulaya ni jambo la kupendeza macho. Hapa, kwenye do-dane (matuta) za mtaani ambazo kila mwenye nyumba anajijengea mbele ya geti lake, milimita 10 ni midomo ya bampa. Ukitoka kuelekea Likasi nyuma ya lori la madini, changarawe zinapiga ndani ya matao ya magurudumu, na kwa sababu vizuia kelele vimepungua unazisikia moja moja. Dereva anayependa motere atafurahi, maana anaisikia nayo pia. Mkewe ataomba ashuke Likasi arudi na basi. Na kile kioo chepesi cha ubavuni kikipasuka hukipati kwenye maduka ya hapa kwetu. Kinaagizwa, gari linakaa na plastiki na gundi, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye mkanda wa kiti.

Kwa huyo kijana nina neno moja zaidi, na naomba alishike. Gari la gia za mkono linaweza kuumizwa kwa namna ambayo la PDK haliwezi. Mtu yuko gia ya nne anakimbia, anataka ya tano, mkono unakosea anaingiza ya tatu. Motere inazungushwa kupita kiwango chake na hakuna kompyuta ya kuizuia, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoisukuma. Kompyuta ya Porsche haizuii lakini inaandika. Inahifadhi kila mara motere ilipozidishwa mizunguko, kwa ngazi sita, pamoja na saa za motere wakati lilipotokea. Ulaya mnunuzi wa 911 ya mkono anaiomba ripoti hiyo kabla hajataja bei. Hapa sijawahi kusikia muuzaji akiitoa. Ngazi za chini si neno. Ukikuta alama ngazi ya tano na ya sita, funga kitabu uondoke.

Mama wa Golf
Nimesoma wote, asanteni. Mimi magari nayauza hapa mtaa wa Golf, kwa hiyo nitaliangalia kama mtu anayetakiwa kuliondoa siku pesa ikihitajika.

Prado nzuri mjini hapa naondoa bila kuhangaika, Hilux ndiyo kabisa. Mnunuzi wa 911 hapa yupo, wala msidharau watu wa kampuni za madini za Kolwezi. Ila huyo mnunuzi anataka kuonekana na Porsche. Ukimwambia hii ina kioo chembamba na kitanzi badala ya kishikio, atakuuliza kwa nini basi usimpunguzie bei! Nimeshaona mtu akikataa gari kwa sababu viti ni vya kitambaa. Mbele ya mtu huyo, kila unachokiita wepesi yeye anakihesabu kuwa pengo.

Sasa wale wanaolijua kweli, walio karibu nasi, wako wapi? Johannesburg. Huko wapenzi wa Porsche ni wengi na wanajua T ni nini. Lakini sisi Kongo tunaendesha kulia, na Afrika Kusini wanaendesha kushoto. Tena sheria yao inafunga mlango kwa magari yaliyotumika kutoka nje, ya volani kushoto ndiyo usiseme. Zambia kushoto. Tanzania kushoto. Gari hili likivuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, upande wa pili hakuna anayelingoja. Sisi tumezoea kuona volani ya kulia ikiingia kwetu kutoka Japani, tukasahau kwamba ya kushoto haitoki kwa urahisi huo.

Lushois wa Antwerpen
Mama, basi lirudi huku. Mimi mwenyewe nitamtafutia mnunuzi.

Mama wa Golf
Mwanangu, hesabu. Lori hadi bandari, Dar es Salaam au Durban, kisha meli, bima, na karatasi. Likifika hapo ulipo, ushuru wa gari kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ni asilimia 10, na juu yake kodi ya Ubelgiji asilimia 21. Zidisha uone: unaongeza asilimia 33 na kidogo juu ya thamani yake. Kuna nafuu kwa bidhaa inayorudi ilikotoka, lakini ina masharti na muda wake, na kijana anayelinunua hapa kwa mkono wa pili asijenge nyumba juu ya nafuu hiyo. Bei ya ziada ya T ni sehemu ndogo ya hiyo theluthi. Italiwa yote njiani na bado utadaiwa.

Mtu wa Bel-Air
Mama umemaliza sehemu kubwa. Naongeza upande wa Ulaya, kwa sababu hata huko mfano wa Club Sport unachukuliwa nusu.

Mwaka 2016 Porsche walitoa 911 R. Motere ya lita 4.0, farasi 500, gia sita za mkono, magari 991 tu, bei Marekani dola 184,900. Watu wakayanunua wakayafunika, na ndani ya miezi waliyaanika sokoni kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Hoja ilikuwa ileile ya ndugu wa Antwerpen: gia za mkono hazitarudi. Mwaka 2017 zikarudi. Porsche wakaiweka gia ya mkono kwenye 911 GT3 mpya, wakatoa na GT3 Touring isiyo na bawa kubwa nyuma, kuanzia dola 143,600. Bei ya R ikaporomoka. Bado ni gari la thamani kubwa, lakini aliyenunua kileleni aliumia, na R ilikuwa na idadi iliyofungwa. Carrera T haina kikomo hicho. T nyingine ikaja mwaka 2022, na nyingine mwaka 2024. Unategemeaje uhaba wa kitu ambacho kiwanda kinakirudia kila kizazi?

Tena 911 T ya kwanza, ile iliyotoka mwaka 1967, ndiyo ilikuwa 911 ya bei ya chini: farasi 110 wakati 911 S, dada yake mwenye nguvu zaidi, ilikuwa na 160. Mtu alipewa pungufu akalipa pungufu, na alilinunua aliendeshe. Mpango huo naukubali mpaka leo.

Kijana wa Komini Kenya
Wakubwa, shikamooni. Kama ni wepesi tunaoutafuta, mbona hakuna anayeitazama hiyo 86 RC? Mwaka 2012 Japani iliuzwa yeni 1,990,000. Rimu za chuma za inchi 16, bampa bila rangi, haina klima. Hapo kweli umepunguziwa na bei imepunguzwa. Unalitengeneza mwenyewe polepole.

Fundi wa Kamalondo
Wazo zuri kwa mikono yako, mwanangu. Lakini volani kulia, na kulipata lenyewe ni shida. Waliolinunua wengi walilipeleka kwenye mashindano. Likija, mlete nilione chini kwanza.

Mama wa Golf
Mimi nitoe bei ili tusizunguke. Huyo mwenye T, nitampa bei ya Carrera ya kawaida ya 2018, senti moja zaidi sitoi. Aje na karte roze (hati ya gari) yenye jina lake, karatasi za duane (forodha), kitabu cha matengenezo, na hiyo ripoti ya mizunguko aliyoitaja fundi. Kijana na parseli yake tafadhali akae nayo. Parseli ya Lubumbashi haihitaji kuvuka Kasumbalesa ili ipate mnunuzi.

Lushois wa Antwerpen
Kwenye ushuru mama amenishinda. Kwenye gari sijashindwa: miaka kumi kutoka sasa T ya mkono itakuwa juu ya Carrera, hapo nasimama. Mtu wa Bel-Air, niletee namba ya chasi. Nataka kujua kama viti vya nyuma vilikosekana tangu kiwandani au kuna mtu alivitoa baadaye akavitupa, na ni hapa Ubelgiji ndiko gari hilo lilikotoka, kwa hiyo kuuliza si kazi.