Nikirekebisha posti ya zamani kutoka kwenye kompyuta inatoka posti mpya, nakosea wapi?

wino_mkavu

Habarini wadau. Blogu yangu iko WordPress, na kwa sababu intaneti yangu inakatika katika nimezoea kuandikia kwenye programu ya kwenye kompyuta yenyewe, siyo kwenye brauza, naandika taratibu bila presha halafu mtandao ukirudi nabonyeza kuchapisha, inaenda. Kwa posti mpya haijawahi kunisumbua hata siku moja. Shida ni kurekebisha.

Juzi nimegundua nilikosea mwaka kwenye makala niliyoitoa kitambo, na ni makala ambayo watu wengi wameiwekea linki kwenye kurasa zao. Nikachukua kopi niliyoihifadhi kwenye flashi kabla sijaichapisha, nikasahihisha ule mwaka, nikachapisha. Kuja kuangalia, makala ziko mbili! Ya zamani iko vile vile na kosa lake, na nyingine imekaa juu kabisa kama nimeiandika leo, anwani yake inaishia na -2. Nikaifuta hiyo mpya nikarudia, yale yale. Maoni yote ya wasomaji yako kwenye ile ya zamani kwa hiyo siwezi kuifuta, yana masahihisho ya maana sana mle. Hivi kurekebisha kwa njia hii kunawezekana kweli au nirudi tu kwenye brauza?

fundi_wa_usiku

Inawezekana mkuu, na kosa lako liko kwenye hiyo flashi.

Iko hivi, programu haiangalii kichwa cha habari wala maneno ili ijue hii ni posti gani, inaangalia namba. Ukichapisha mara ya kwanza, seva inaipokea posti, inaipa namba, halafu inairudisha hiyo namba kwenye programu yako, nayo inaiandika ndani ya faili la ile posti. Sasa kopi yako ya kwenye flashi uliitoa kabla posti haijapewa namba. Kwa hiyo ukiifungua leo, programu inaona andiko ambalo halijawahi kwenda popote, inaituma kama mpya, na seva ikikuta ile anwani ina mwenyewe inaongeza -2 mwishoni. Utarudia mara kumi na itakuwa hivyo hivyo.

Programu nyingi za aina hii zinaongea na blogu kwa MetaWeblog, utaratibu alioutoa Dave Winer mwaka 2002, na mle ndani kuna amri mbili tofauti kabisa, newPost ya kuanzisha na editPost ya kurekebisha. Hiyo editPost haiwezi kutumwa bila namba. Ndiyo maana sheria yangu ni moja, posti ikishachapishwa, kopi za pembeni sizigusi tena. Nafungua programu, naenda sehemu ya kufungua posti, nachagua jina la blogu (siyo folda ya drafti), naiacha ivute orodha kutoka kwenye seva, ndipo nachagua ninayoitaka. Hiyo inakuja na namba yake. Open Live Writer iko hivyo, na MarsEdit kwa wenye Mac nayo orodha ya posti zilizoko kwenye blogu unaiona pale pale.

Ukitaka kuijua namba ya posti, ingia kwenye orodha ya makala zako kwa brauza, peleka mausi juu ya kichwa cha habari bila kubonyeza, angalia chini kwenye kona utaona post= halafu tarakimu. Ndiyo hiyo.

binti_kalamu

Naongezea hapo kwa fundi maana mimi hiyo editPost ilishaniliza. Ikienda haibadilishi neno moja ulilosahihisha, inabadilisha mwili mzima wa makala. Nilikuwa nimevuta posti kwenye kompyuta asubuhi, mchana nikiwa na simu nikaongeza aya tatu kupitia brauza, usiku nikarudi kwenye kompyuta nikarekebisha herufi moja nikatuma, zile aya tatu zikafutika zote. Haikuniuliza chochote. Kilichoniokoa ni matoleo ya nyuma ambayo WordPress inayatunza, hiyo kitu ipo tangu toleo la 2.6 mwaka 2008, nikaingia nikarudisha. Kwa hiyo vuta upya kila mara kabla ya kugusa hata kama una uhakika hujabadilisha kitu.

Na jambo jingine, makala yako uliijenga wapi? Kama uliipanga kwa bloku za kwenye brauza, yaani vile vipande vya aya, picha na safu vilivyokuja na WordPress 5.0 Desemba 2018, kuwa makini sana. Kila bloku imefungwa kwa alama zilizofichwa ndani ya HTML zinazoanza na wp: na kuna programu za kompyuta zinaziona kama takataka zinazifagia. Makala inarudi ikiwa donge moja, safu ulizopanga pembeni kwa pembeni zimeanguka, picha zimetawanyika. Mimi niliyoianzia kwenye kompyuta naimalizia kwenye kompyuta, ya bloku naiacha kwenye brauza, sichanganyi.

seva_baridi

Wote mmesema vizuri, ila asije mtu akafuata haya akakuta programu hata kuunganisha inakataa. Fungua anwani ya blogu yako kwa brauza, mwishoni weka /xmlrpc.php, huo ndio mlango ambao programu inapitia kuingia kwenye blogu. Ukiona mstari mmoja unaosema inapokea maombi ya POST tu, mlango uko wazi. Ukiona 403, yaani kuingia kumekatazwa, ujue umefungwa, ama na plagini (kiongezo cha WordPress) ya usalama ama na wenye seva, maana wezi wa paswedi wanaupenda sana huo mlango. Mimi niliwaandikia niliokodi seva kwao wakaniruhusu. Na usiweke paswedi yako kuu kwenye programu, tangu toleo la 5.6 la Desemba 2020 unaweza kutengeneza paswedi ya programu peke yake kwenye ukurasa wa wasifu wako, kompyuta ikiibiwa unaifuta hiyo moja tu.

wino_mkavu

Jamani asanteni sana, imekubali. Mwanzo orodha ilinionyesha posti za karibuni tu, yangu haimo, ikabidi niongeze idadi ya posti za kuvuta ndipo ikatokea huko chini. Haina bloku, niliiandikia kwenye programu hii hii. Nimesahihisha mwaka, nimetuma, tarehe ya zamani imebaki na maoni yote yapo. Kimebaki kitu kimoja, ile ya -2 ilikaa hewani usiku kucha na kuna watu wameshaisambaza, wakibonyeza sasa wanakuta haipo.

fundi_wa_usiku

Weka plagini ya kuelekeza anwani, chagua 301, yaani imehama moja kwa moja, juu andika anwani yenye -2 chini andika ile ya asili. Halafu jaribu kwenye dirisha la siri la brauza, la kawaida linaweza kukuonyesha kumbukumbu za zamani.

wino_mkavu

Nimeweka. Nimefungua ile yenye -2 kwenye dirisha la siri imenipeleka moja kwa moja kwenye makala ya asili, mwaka uko sawa. Zile kopi za kwenye flashi nimezihamishia folda nyingine nimeipa jina ZIMESHATOKA, sizifungui tena.