Seji ya sebuleni, korido mpya, kampuni tofauti: mmefanyaje rangi zikalingana?

DadaWaUyole
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa aliyewahi kupitia hili. Mwaka 2021 tulipaka sebule kijani cha seji, kile kilichofifia chenye ujivu ndani yake, kama jani changa la mkaratusi. Tulinunua Dar, ikaja na mizigo mingine. Sasa tumeongeza chumba na korido inayotokea sebuleni, na kampuni ile hapa Mbeya sijaipata. Nimezunguka Mwanjelwa na Kabwe, zipo kampuni nyingine tu.

Njia nilizoambiwa ni nne. Nipeleke namba ya rangi kwenye duka la kampuni nyingine wachanganye. Nikate kipande cha ukuta kisomwe kwa mashine. Fundi achanganye kwa mkono. Au niagize ileile Dar ije kwa basi.

Ya kwanza nimeshaijaribu. Nilinunua kopo la lita 1, nikapaka nyuma ya mlango. Asubuhi ilifanana kabisa, nikafurahi. Jioni nilipowasha taa, ukuta mpya ukageuka bluu-kijivu na wa zamani ukabaki kijani. Niliumia sana, maana sebule ile naipenda kuliko chumba chochote ndani ya nyumba. Mwenzenu nifanyeje?

FundiRangi_Mwanjelwa
Pole dada yangu. Hukukosea, na pengine hata muuzaji hakukosea. Ni jinsi rangi inavyotengenezwa.

Duka lina besi, yaani rangi ya msingi: nyeupe, ya kati, na ile isiyo na weupe kwa ajili ya rangi nzito. Mashine inadondoshea steina humo, yaani matone ya rangi kali ya kukolezea. Sasa fomula ya kampuni moja imepimwa kwa besi yake na steina zake. Ukipeleka namba kwa jirani, kompyuta yake inakupa fomula ya kukaribia tu. Na seji ndiyo inayosumbua kuliko zote, kwa sababu haina steina moja. Yupo anayeifikia kwa njano ya udongo na nyeusi, kijani kikiwa kidogo sana. Mwingine anatumia kijani kikali, halafu anakizima kwa tone la nyekundu. Mchana jicho linaona kitu kimoja. Ukiwasha taa, kila steina inajibu kivyake. Ndicho ulichokiona nyuma ya mlango.

Mimi ningechagua kipande cha ukuta. Futa kwanza sehemu hiyo kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, iache ikauke, kisha kata kwa wembe mpya kipande kinacholingana na kiberiti. Kiwe bapa, kisiwe na mikunjo wala alama za rola, maana mashine inasoma kwa mwanga na kivuli kidogo tu kinaipotosha. Usikate nyuma ya kabati. Huko rangi bado ni ya 2021, wakati unayotaka kuifuata ni ile ya ukutani leo, imeshapigwa na jua na moshi.

Halafu mng'ao. Kama sebule ni silki, korido nayo iwe silki. Fomula ileile kwenye rangi isiyong'aa itakuonyesha rangi nyingine, na utamlaumu mtu bure.

Gangilonga_77
Kamwene wote. Fundi kasema vizuri, mimi naongezea mwanga, maana hapa Iringa nilihangaika nao miezi miwili.

Ukisoma makala za Ulaya na Marekani utaambiwa chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi, seji yake itaonekana ya kijivu. Kwetu ni kinyume. Tuko kusini mwa ikweta, na kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Kwa hiyo chumba chenye dirisha la kusini ndicho kisichopata jua muda mwingi wa mwaka, na seji humo inapoa, inavuta bluu. Nilifuata ushauri wa kule nikachagua seji yenye ujivu mwingi kwa ajili ya chumba cha kusini. Mwezi wa saba chumba kilikuwa kama ndani ya tanki la maji. Nilikipaka upya kwa seji yenye njano zaidi na sasa kimetulia.

Dada, korido yako ina dirisha? Inatazama wapi?

DadaWaUyole
Dirisha moja dogo mwishoni, linatazama kusini. Sebule ina madirisha makubwa ya kaskazini. Kumbe!

Gangilonga_77
Basi hata ungepata rangi ileile ya kopo lilelile, mle ndani ingeonekana nzito kidogo. Usiidai korido ifanane na sebule saa zote. Dai zifanane pale zinapokutana, mlangoni.

MwanaMufindi
Naomba kuingilia. Mke wangu ameona picha mtandaoni za rangi ya Evergreen Fog ya kampuni ya Sherwin-Williams ya Marekani, anaitaka sebuleni Mafinga. Nikienda dukani na picha ya simu si inatosha? Wanasema ni seji tu.

FundiRangi_Mwanjelwa
Haitoshi, kaka. Kila simu ina macho yake. Picha moja kwenye simu tatu ni rangi tatu.

MamaNjombe_Rangi
Neno "seji" lenyewe ni pana mno. Evergreen Fog namba yake ni SW 9130, ilikuwa rangi yao ya mwaka 2022, na kiwango chake cha kurudisha mwanga ni 30 kwa 100 (kikipanda, rangi ni nyepesi zaidi). Kampuni hiyohiyo ina Clary Sage, SW 6178, yenye 41. Benjamin Moore nao mwaka huohuo wa 2022 walichagua October Mist, 1495, ambayo ni nyepesi kuliko zote mbili. Watu wanaziita seji zote tatu, na ukiziweka pamoja unaona ngazi tatu.

Ushauri wangu: muulize muuzaji kiwango hicho cha rangi anayokupendekezea, iwe Coral, Goldstar, Plascon au Crown. Ukitaka mfano wa Evergreen Fog akakupa yenye 45, umepewa rangi nyingine hata kama jina linapendeza. Kisha paka mikono miwili, yaani mara mbili, kwenye boksi gumu, acha ukingo mweupe pembeni, litembeze ukutani asubuhi, mchana na usiku. Na usihukumu ikiwa mbichi, rangi ya maji ikikauka huwa inakuwa nzito kidogo.

Busokelo_Kwetu
Mimi niko Tukuyu na nitatetea kuchanganya kwa mkono. Fundi wetu alinichanganyia seji kwenye ndoo ya lita 20, alianza na nyeupe akawa anaongeza njano na nyeusi kidogokidogo, kila mara anapaka kidole kimoja ukutani na kukausha kwa pasi iliyoshikwa mbali. Ilitoka nzuri kuliko ya mashine. Nampongeza mpaka leo.

Lakini ilipobaki nusu ukuta, rangi ikaisha. Ndoo ya pili haikufanana hata kidogo, na hakuna fomula iliyoandikwa popote. Tulilazimika kupaka chumba kizima upya. Kwa hiyo ukienda njia hiyo, changanya yote kwa mara moja na bakiza kopo.

FundiRangi_Mwanjelwa
Hata ya mashine ni hivyohivyo. Makopo mawili ya namba moja yanaweza kupishana. Dada, korido yako ina urefu gani?

DadaWaUyole
Mita 6, kuta mbili, dari mita 3. Milango mitatu.

FundiRangi_Mwanjelwa
Mita za mraba 36, toa milango kama 6, zinabaki 30. Mikono miwili ni 60. Lita moja inapaka kama mita 10 kwenye plasta laini, kwa hiyo lita 6. Chukua makopo mawili ya lita 4, yamimine yote kwenye ndoo moja safi, koroga dakika kadhaa ndipo uanze. Ukuta mpya uupe siku 28 ukauke na upige praima, rangi ya kwanza ya chini, ya kuzuia magadi, vinginevyo magadi ya saruji yatakula kijani chako.

Na kwa baridi hii, anza saa nne, maliza saa tisa. Rangi ya maji haipendi chini ya nyuzi 10, usiku wa Mbeya inakauka kwa mabaka. Msiingize jiko la mkaa kuikausha. Nimeona nyumba wakifanya hivyo na kufunga madirisha. Moshi unabadilisha rangi, na hewa ya mkaa inaua watu waliolala.

DadaWaUyole
Nimerudi na majibu. Nilikata kipande pembeni ya swichi, wakakisoma. Kopo la kwanza la kujaribia lilitoka na bluu kidogo, fundi wa duka akaongeza njano, akaandika fomula mpya kwenye stika. Nimeipiga picha na nyingine nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.

Taa nazo zilichangia. Sebuleni zilikuwa za njano, kelvini 3000, na korido mafundi umeme walifunga nyeupe za 6500. Nimezibadilisha zote ziwe 3000, nusu ya tofauti ikaisha siku hiyohiyo kabla hata ya kupaka.

Sikuunganisha rangi katikati ya ukuta. Nimekata kwenye kona ya mlango, kila ukuta na rangi yake. Jana saa mbili usiku nilisimama pale kwenye kona, nikaweka kiganja upande huu na kingine upande ule. Mchana bado naona korido ni nzito kidogo, kama Gangilonga alivyosema. Ndaga fijo, asanteni sana wote, na fundi, chumba kipya nakuja kukuita mwenyewe.

FundiRangi_Mwanjelwa
Karibu dada. Uje na ile stika.