Msumeno wa mnyororo wa kwanza: petroli, waya au betri?

Shoka Butu

Wakuu, salaam. Naomba mnishauri kabla sijafanya ujinga dukani.

Upepo wa wiki iliyopita umeung'oa mti nyuma ya nyumba, umelalia ua. Nimeupima kwa futi kamba: kipenyo cha shina ni sentimita 28 pale penye unene, na matawi mengi yanalingana na mkono wangu juu ya kiwiko. Nikajaribu kwa msumeno wa mkono. Saa nzima, matawi mawili, na bega linanilaumu mpaka leo. Ukiondoa huu mti, kazi zangu ni kupogoa na kukata kuni, labda siku nne au tano kwa mwaka.

Muuzaji alinipakatisha wa petroli, inchi 20, cc 55, akasema, "Mzee, huu utakuzika." Najua alimaanisha utadumu, lakini sikupenda alivyolisema.

Sijawahi kuwasha kitu kama hiki maishani. Nichukue wa aina gani, urefu gani? Na swali la aibu: mashine hii inanitisha. Ni woga tu au nina haki?

Moshi Mwingi

Petroli, basi. Hiyo mingine ni vichezeo vya watoto. Waya unakufunga ukutani kama mbuzi kambani, betri inakufia tawi likiwa nusu. Chukua cc 50 kwenda juu, hutarudi hapa kuuliza tena.

Tezo

Moshi, mimi niliufuata huo ushauri wako miaka kadhaa kabla hujautoa, kwa hiyo ngoja nimsimulie mwenzetu yaliyonipata.

Nilinunua wa petroli, cc 50, inchi 18. Siku ya kwanza nilikata mti mmoja mkubwa nikajiona nimezaliwa msituni. Nikaufuta vumbi, nikaupandisha rafuni, tangi likiwa na mafuta nusu. Miezi minane baadaye nikautaka. Nilivuta kamba mpaka mkono ukaishiwa nguvu. Fundi alipofungua kabureta akanionyesha utando wa kunatanata kama gundi: petroli ililala mpaka ikachacha. Akasafisha, nikalipa, nikakata kuni siku moja, nikaurudisha rafuni. Mwaka uliofuata, yale yale, na safari hii kamba ya kuwashia ikanikatikia mkononi. Nikamuuzia jirani anayepasua mbao karibu kila siku. Unawaka kwa mvuto wa pili mpaka leo! Nikiusikia asubuhi naona kama ananitania.

Mashine haikuwa na kosa. Ilitaka mtu wa kazi ya kila siku, ikampata mtu wa mara nne kwa mwaka. Shoka Butu, wewe unawaza zile siku tano utakazokata. Waza hizo 360 msumeno utakazolala. Ukiweza kujibu utalalaje, nusu ya swali lako imekwisha.

Wa waya unalala vizuri kuliko yote. Hauna petroli wala betri ya kuchakaa. Wenye wati 1800 hadi 2000 na ulimi wa inchi 14 au 16 (naita ulimi kile chuma kirefu ambacho mnyororo unakizungukia) unakata shina la sentimita 28 bila kulalamika. Tabu yake ni kweli kama Moshi alivyosema, kamba ya mbuzi. Waya wa kuunganishia uwe mnene na uwe wa kutumika nje, maana mwembamba na mrefu unapunguza nguvu na kupata moto. Upitishe begani uje kutoka nyuma yako, usikae kamwe upande wa mnyororo. Kwenye majani mabichi au mvua, uache ndani.

Wa betri unalala vizuri pia, mradi betri ukaitoe, uiache na chaji kama nusu, mahali pakavu pasipo joto. Unabonyeza, unakata; unaachia, kimya. Kwa anayejifunza, ukimya huo una faida: unasikia mti unapoanza kulia, unamsikia mtoto anayekuja nyuma yako. Tafuta wa volti 36 au zaidi. Gharama iko kwenye betri na chaja, si kwenye msumeno, kwa hiyo kama tayari una drili au mashine ya kukatia majani inayotumia betri za ukoo huohuo, umeshapata nafuu kubwa. Usitegemee betri moja. Ya pili iwe kwenye chaja wakati ya kwanza inakata, nawe unywe maji. Mapumziko hayo utayahitaji kuliko betri.

Ukiona bado roho yako iko kwenye petroli, sikukatazi. Ila ishia cc 32 hadi 40, ulimi wa inchi 14 au 16. Ile cc 55 ni mzigo wa mtu mwingine. Kufikia saa ya pili mikono inalegea, na mikono iliyolegea ndiyo inayokosea. Injini hizi ni za mipigo miwili, oili inachanganywa ndani ya petroli. Mingi ya siku hizi inataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja, lakini soma kitabu cha wako. Changanya ya kutosha kazi ya siku hiyo tu. Jioni mimina iliyobaki, kisha washa uuache ungurume mpaka uzime wenyewe. Mimi ningefanya hivyo tu, nisingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Urefu: ulimi uzidi kidogo unene wa unachokata mara nyingi. Inchi 14 ni kama sentimita 35, shina lako linaingia. Ulimi mrefu kwenye mota ndogo unakata kwa kujikokota, na ncha yake inakuwa mbali na macho yako, inagusa vitu usivyoviona.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Iwe petroli, waya au betri, yote mitatu ina kitangi cha oili ya mnyororo. Nimemwona mtu na msumeno wa umeme akikata bila oili mpaka ulimi ukageuka bluu kwa joto, anasema, "Si wa umeme huu, oili ya nini?" Kagua oili kila unapobadilisha betri au kujaza petroli. Na ikilala itavuja kidogo, karibu yote inavuja, si ubovu. Weka kadibodi chini yake. Mimi sikuweka, na lile duara jeusi kwenye sakafu halijatoka mpaka leo.

Fedha utakayookoa kwa kutonunua mkubwa, nunua mnyororo wa pili na tupa ya duara ya kuunolea. Mnyororo ukigusa udongo mara moja tu umekwisha makali, haujali jina la kiwanda. Utajua kwa kinachotoka: ukiwa mkali unatema vipande, ukiwa butu unatema unga, nawe unajikuta unausukuma. Misumeno midogo ya nyumbani mingi inatumia mnyororo wa inchi 3/8 wa umbo la chini (ni kipimo cha viungo vyake, si urefu), na tupa yake ni ya milimita 4. Lakini hakikisha kwenye kitabu, maana tupa isiyo yake inaharibu jino. Hesabu mara ulizopitisha tupa, kila jino idadi ileile, la sivyo msumeno utakata kwa kupinda kama unaona aibu.

Moshi, kuhusu vichezeo vya watoto: msumeno wa kwanza wa mnyororo aliotengeneza Andreas Stihl huko Ujerumani mwaka 1926 ulikuwa wa umeme, na ulishikwa na watu wawili. Wake wa petroli ulikuja 1929. Umeme ndio kaka mkubwa.

Mama Miche

Tezo kasema ya dukani vizuri, sina la kuongeza. Mimi nalijibu lile swali la aibu, kwa sababu nimefanya kazi ya bustani na miti miaka mingi na wanaume wengi hawaliulizi.

Una haki kuogopa, ndugu yangu. Endelea hivyohivyo.

Kinachoumiza watu ni teke. Robo ya juu ya ncha ya ulimi ikigusa kitu, tawi la nyuma ambalo hukuliona kwa mfano, mnyororo unakwama na ulimi wote unaruka juu na nyuma, kuelekea uso na bega. Ni haraka kuliko unavyoweza kufikiri. Ndiyo maana kuna kile kinga cha mbele ya mkono wa kushoto: mkono ukikisukuma, breki inashika, na kwenye mingi breki inashika pia kwa ule mshtuko wenyewe. Usinunue usio nayo, hata wa bure. Ukinunua uliotumika, jaribu breki hiyo kabla ya chochote, kisha utazame kama mnyororo unasimama kabisa injini ikiwa inanguruma taratibu. Ukiendelea kutambaa, rudisha.

Shika kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kizunguke mshikio wa mbele, kisilale juu pamoja na vingine. Simama kidogo upande wa kushoto wa msumeno, usiwe nyuma yake moja kwa moja. Usikate juu ya mabega. Ngazi na msumeno huu visikutane siku moja! Wa petroli unawashwa chini, breki imefungwa, mguu umekanyaga mshikio wa nyuma. Wale wanaouwasha hewani kwa kuutupa wanajionyesha tu.

Nunua pia kofia yenye wavu wa uso na vikinga masikio, kelele za wa petroli hupita desibeli 100. Na ile suruali ya kazi hii. Ndani ina nyuzi ndefu. Mnyororo ukiipasua unazivuta, zinajisokota kwenye gia na kuisimamisha. Ila ujue zilibuniwa kwa kufikiria petroli. Mota ya umeme ina nguvu ya kuzungusha hata ikiwa taratibu, kwa hiyo suruali haikuhakikishii kuisimamisha vilevile. Vaa, lakini usiifanye hirizi.

Sasa huo mti wenyewe. Umesema uling'olewa na umelalia ua. Nataka kujua kitu kimoja: mizizi imetoka nje na bamba la udongo limesimama wima?

Shoka Butu

Ndiyo, mama. Limesimama kama ukuta, linanifika kifuani. Shimo liko nyuma yake na watoto wameligeuza ngome. Shina limeegemea ua, halijagusa chini.

Mama Miche

Watoe watoto kwenye hilo shimo leo hii, kabla hujamaliza kusoma.

Uzito wa shina ndio unaolizuia bamba lisirudi. Ukikata shina karibu na mizizi, bamba linaweza kujifunga shimoni kama mlango, na aliye ndani hana pa kukimbilia. Na shina lililoegemea ua limejipinda: upande mmoja nyuzi zimebanwa, upande mwingine zimevutwa. Ukianza upande uliobanwa kwa kina, ulimi unabanwa humo. Ukianza upande uliovutwa, linaweza kupasuka kwa urefu na kuruka. Desturi ni kuanza kidogo kwenye uliobanwa, kama theluthi, kisha kumalizia kwenye uliovutwa. Lakini kuusoma upande upi ni upi kwenye mti ulioshikwa sehemu mbili si kazi ya siku ya kwanza.

Tafuta mtu wa kazi hiyo akate shina na kulitua chini, mizizi irudi. Wewe ubaki na matawi yaliyo ardhini na magogo yaliyotulia. Hapo ndipo utajifunzia, na kazi ipo tele.

Shoka Butu

Nimewatoa. Mmoja analia, ngome yao imevunjwa.

Nimefuata wote wawili. Mtu wa kukata shina anakuja Jumamosi. Mwisho wa bustani ni mbali na nyumba, nimepima hatua 50, kwa hiyo waya hapana. Drili yangu ina betri za volti 18, na ukoo wake una msumeno unaotumia mbili kwa pamoja kufanya 36. Nina betri mbili tayari, naongeza mbili. Inchi 14. Mnyororo wa pili, tupa, kofia, suruali. Yule muuzaji nilipomwambia aliniangalia kama nimemwibia.

Moshi Mwingi

Sawa, nimekubali kushindwa. Tezo, nikuulize kiungwana: wangu una mafuta ya tangu mwaka jana. Unawaka, nikiukanyagia unazima.

Tezo

Usiendelee kuuvuta. Mimina yote, weka mchanganyiko mpya, tazama kichujio kilicho mwisho wa mpira ndani ya tangi, unaweza kukitoa kwa waya uliopindwa ncha kama ndoana. Kichujio cha hewa pia, kipige vumbi. Acha ungurume taratibu dakika chache kabla hujaupa moto. Ukizima tena, ni kabureta, na huyo fundi wangu sasa ananijua kwa jina.

Una kadibodi chini yake?

Moshi Mwingi

Sina. Nimekwenda kutazama. Duara lipo.