Nimenuna wiki tatu kwa sababu ya punda, nisaidieni

Kijana_wa_Langoni: Assalaam aleykum jamani. Mimi ni wa hapa Amu (Lamu), kazi yangu kubeba mchanga na saruji kwa punda. Kwenye mbio za punda za Maulidi niliingia na wangu. Tukaanza vizuri. Tulipokaribia gati mwenzangu akaona maganda ya tikiti, akasimama. Nikamsihi. Akamaliza kula, akageuka, akanirudisha nilikotoka, pwani nzima wanapiga vigelegele.

Tangu siku hiyo kila nikipita barazani: "Bwana, leo waenda au warudi?" Siku ya kwanza nikanyamaza. Ya pili nikapiga teke sinia la kahawa, nikaondoka. Sasa hii wiki ya tatu nazunguka vichochoro vya nyuma nisiwapitie, na shogi, mifuko ya mzigo mgongoni mwa punda, limejaa mchanga. Jana mke wangu kasema, "Nyumba hii ina msiba, ila marehemu bado anakula majani uani." Nikamnunia na yeye.

Wanasema sina mzaha. Je, mzaha mtu hujifunza au huzaliwa nao?

BintiShela: Pole kaka, lakini hapo pa marehemu anakula majani nimepaliwa na chai. Umeoa mcheshi, walalamika nini?

MwalimuMstaafu: Mwanangu, kulikuwa na mtafiti wa Marekani, Robert Provine, aliyekuwa akisikiliza watu wanavyocheka madukani na njiani. Aliona mtu hucheka akiwa na wenzake karibu mara 30 zaidi kuliko akiwa peke yake, na mara nyingi kilichosemwa wala si kichekesho. Hiyo "waenda au warudi" nayo, tusidanganyane, haichekeshi kiasi hicho. Wanakuita ukae.

Mtanga_asili: Kwetu mtani, yaani mtu wa kabila tunalotaniana nalo kwa desturi, huja hadi msibani. Anaiga marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akiwakwepa wanaomdai, na wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Wewe hata hujafiwa, punda mzima.

Mama_Samaki_Malindi: Mimi napinga kidogo. Hapa sokoni walinitania miaka minne kwa kuwa sijajaliwa mtoto, wakauita mzaha. Ule haukuwa mzaha, na siku niliyowaambia waache sikujuta. Kwa hiyo msimwambie mtu acheke kila kitu. Lakini kaka, lako ni la maganda ya tikiti.

BiKheri: Ile kahawa ya watu uliyoimwaga, umelipa? Anza hapo. Halafu ukifika, jicheke mwenyewe kabla hawajafungua vinywa. Wakikuta umeshajimaliza, watakutania nini tena?

BintiShela: Na mkeo umwombe radhi kwanza, kahawa baadaye.

Kijana_wa_Langoni: Nimerudi. Mke nimemwomba radhi, kasema atafikiria, huku anajiziba mdomo kwa leso. Jana baada ya isha nikaenda barazani na birika zima la kahawa na kashata. Wakanyamaza wote. Nikasema, "Punda awasalimu. Asema angekuja mwenyewe, ila aogopa atageukia njiani." Kimya. Halafu mzee mmoja kahawa ikamtokea puani, wakaanguka wote juu ya bao, kete zikamwagika, hatujui hata nani alikuwa anashinda.

Tatizo moja. Leo asubuhi sokoni wananiita Salamu-za-Punda, mpaka watoto wa madrasa. Sijui kama nimepona au nimejiongezea.