Ushauri: nawapimaje wagombea urais Marekani kama sitaki serikali izidi kutanuka?

Mpigakura_Ohio: Wakuu salaam. Msimamo wangu ni wa kilibertari: serikali ibaki na ulinzi, polisi na mahakama, mengine watuachie wenyewe. Kila uchaguzi naahidiwa kubana matumizi, halafu deni linapanda, awe Republican au Democrat. Nitazame nini hasa? Na kura kwa chama cha Libertarian ni kura iliyopotea?

Bajeti_Kwanza: Mkuu, anza na Social Security (pensheni ya taifa), Medicare (bima ya afya ya wazee) na Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo). Malipo ya lazima ya aina hiyo hula takriban asilimia 60 ya bajeti ya shirikisho, na riba ya deni huchukua kama 13 nyingine. Hayo yote hulipwa kwa sheria zilizokwisha kupita, Kongresi haiyapigii kura kila mwaka. Inabaki robo hivi, na karibu nusu ya hiyo robo ni jeshi. Kwa hiyo anayeapa kutogusa pensheni wala Medicare, aongeze jeshi na apunguze kodi, huyo anakwambia atakopa. Hesabu haina njia nyingine.

Halafu neno "kupunguza" lichunguze sana. Programu ya dola bilioni 100 imepangiwa kufika 106 mwakani, ikapewa 104, wataita punguzo la bilioni 2. Matumizi yamepanda kwa bilioni 4! Daima uliza: mwaka huu zimetumika ngapi, mwakani zitatumika ngapi?

Mchumi_Mtaani: Naongezea. Linganisha matumizi na pato la taifa, usitazame dola tupu. Chini ya Clinton yalishuka kutoka kama asilimia 21 hadi chini ya 18, ingawa kumalizika kwa Vita Baridi kulisaidia, na tangu 1995 Kongresi ilikuwa ya wapinzani wake. Bush mdogo, aliyejinadi kuwa mhafidhina, alipokea matumizi ya dola trilioni 1.86 mwaka 2001. 2008 yalikuwa karibu trilioni 3. Sababu ni vita, na dawa za wazee kupitia Medicare, kwa sheria aliyoisaini 2003.

Angalizo: mwaka wa fedha huanza Oktoba 1, rais huapishwa Januari 20. Miezi yake ya mwanzo inaendeshwa kwa bajeti iliyoanza chini ya mtangulizi wake.

Mamlaka_Yapungue: Msiishie kwenye hela, jamani. Patriot Act, sheria ya kupambana na ugaidi ya 2001, ilipanua upekuzi wa serikali kwa gharama ambayo bajeti haiioneshi. Sheria ya Dharura ya 1976 nayo imeacha marais watangaze dharura na kuzihuisha mwaka hadi mwaka. Mgombea aulizwe: mamlaka gani utairudishia Kongresi, na kwa sheria ipi? Reagan aliahidi 1980 kuifuta Wizara ya Elimu. Haikufutwa, maana wizara iliyoundwa kwa sheria huondolewa kwa sheria, na Seneti kwa kawaida inadai kura 60 kumaliza mjadala. Mwaka 1988 akasaini sheria iliyozaa Wizara ya Maveterani.

Bajeti_Kwanza: Kuhusu kura: Gary Johnson, mgombea wa Libertarian mwaka 2016, alipata zaidi ya asilimia 3 nchi nzima bila kura hata moja ya wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais. Ila Ohio 2024 Trump alishinda kwa pointi 11 hivi, kwa hiyo kura yako ya urais haikaribii kuamua mshindi. Mpe Libertarian bila wasiwasi. Majimbo mengi hutumia asilimia hizo kuamua chama kibaki kwenye karatasi ya kura au kikusanye saini upya. Nguvu zako peleka kwa mbunge na seneta. Fedha zinaidhinishwa huko.