Mrejesho: mikate ya mtindi bila hamira, safari hii imelainika

Niliuliza kwa nini mikate yangu ya mtindi inakuwa migumu kama biskuti. Mlionijibu nichuje mtindi, asanteni sana, kosa lilikuwa hapo hapo. Mtindi wa kupima wa hapa Moshi una maji mengi. Donge linanata, unaongeza unga, na unga ukizidi mkate unakakamaa.

Sasa nachuja kwa kitambaa safi kama saa moja. Unga wa ngano vikombe 2, baking poda vijiko vya chai 2, chumvi nusu kijiko, mtindi uliochujwa robo tatu ya kikombe, kisha naongeza mtindi kidogo kidogo mpaka donge lishikane. Nakanda dakika 2 tu (huu si unga wa chapati!), nafunika dakika 20. Nagawa madonge 6, nasukuma kila moja mpaka unene wa milimita 4 hivi.

Kikaango kiwe kikavu na cha moto kweli, dakika moja na nusu kila upande. Kikiwa vuguvugu mkate unakauka kabla haujaumuka. Ukitoka, ufunike kwa taulo mara moja, mvuke ndio unaoulainisha.